Uzi wa Kioo Uchukuao Habari

Zamani habari ilikwenda kwa miguu ya mtu. Tarishi alipewa barua, akaibana katika ufito uliopasuliwa, akashika njia; nayo habari haikuweza kufika kabla ya miguu yake. Penye bahari habari ilingoja chombo, nacho chombo kilingoja upepo. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, katika Afrika ya Kusini. Watu wa London hawakupata habari hiyo hata tarehe 11 Februari, yaani siku 20 baadaye, maana waya wa simu kutoka Ulaya ulikuwa haujafika huko. Mwaka ule ule waya wa shaba ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hata Unguja, na kutoka Unguja hata Msumbiji na Durban. Kwa waya huo habari haikungoja tena miguu wala tanga.

Siku hizi habari si maneno machache tu. Ni picha, ni sauti, ni vitabu vizima, ni hesabu za duka na za benki. Kompyuta huzigeuza zote kuwa alama za namna mbili, mfano wa taa iwakayo na kuzimika: kuwaka ni alama moja, kuzimika ni alama ya pili. Neno fupi huhitaji alama chache. Picha moja huhitaji mamilioni. Mtandao wa upesi hupeleka alama milioni 1000 kwa sekunde moja, na mwingine hupeleka mara 10 zaidi ya hizo.

Ndani ya nyumba moja kazi hii si ngumu. Taabu huanza nyumba zikiwa mbalimbali. Na iwe mathalan hospitali iliyojengwa juu ya kilima: nyumba ya eksirei iko upande mmoja, na nyumba ya upasuaji iko upande wa pili, na kati yao pana meta 400. Usiku analetwa mtoto aliyeanguka mwembeni, mguu umevunjika. Picha ya mfupa wake imekwisha kupigwa, lakini daktari yuko kule ng'ambo na mgonjwa mwingine, wala hawezi kumwacha. Picha ikimfikia upesi, ataagiza la kufanya. Isipomfikia, mtoto atangoja kwa maumivu. Basi ni njia gani itakayoichukua picha ile kutoka nyumba hata nyumba, usiku na mchana, kiangazi na masika?

1. Waya wa shaba na mpaka wake

Njia ya kwanza ni waya wa shaba. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na David Boggs, waliofanya kazi katika kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walianza kuunganisha kompyuta nyingi kwa waya mmoja, zikapeana habari kwa zamu. Mtandao huo waliuita Ethernet, na jina hilo latumika hata leo.

Waya utumikao sasa majumbani na maofisini una nyuzi 8 za shaba, nazo zimesokotwa mbili mbili. Msokoto huo si pambo. Waya wa umeme wa taa au mashine iliyo karibu hutia fujo katika shaba. Lakini nyuzi mbili zikisokotwa pamoja, fujo huziingia zote mbili kwa kadiri moja, na kifaa kilicho mwishoni huweza kuitoa. Maarifa haya ni ya zamani: Alexander Graham Bell, yule aliyejulikana kwa simu, alipata hati ya kuyamiliki mwaka 1881.

Hata hivyo shaba ina mpaka wake. Alama ziendazo katika waya hudhoofika kwa kadiri ziendavyo, kama sauti ya mtu aitaye ng'ambo ya bonde. Aliye karibu husikia kila neno. Aliye mbali husikia mvumo tu, asijue kama ameitwa au amefukuzwa. Kwa sababu hiyo mafundi wameweka kanuni: waya huo usizidi meta 100, ambao ni kama urefu wa kiwanja cha mpira. Ukizidi hapo, pengine utapeleka, pengine hautapeleka; na kitu cha pengine hakifai hospitalini.

Mtu aweza kusema, “Basi na viwekwe vituo njiani, kila meta 100 kituo kimoja, vipokezane kama matarishi.” Yawezekana. Lakini kila kituo chahitaji umeme, na paa, na mlango wenye kufuli, na mtu wa kukitazama. Kituo kimoja kikizimika, njia yote imekufa. Habari yaweza pia kupelekwa hewani pasipo waya, na mahali pengine njia hiyo hufaa sana. Lakini miti ikikua kati ya nyumba huizuia, na vyombo vya jirani vitumiavyo hewa ile ile huisonga.

2. Radi

Tena mpaka wa meta 100 si adui mkubwa wa waya wa shaba. Adui mkubwa ni radi.

Watu wa nchi zilizo kando ya Ziwa Victoria, kama wale wa Kisii, wanaijua radi sana. Wengi hudhani kwamba nyumba isipopigwa yenyewe imepona. Sivyo. Radi ikipiga mti ulio karibu na nyumba ya eksirei, ardhi ya pale hujaa umeme kwa nukta ya wakati, na ardhi ya nyumba ya upasuaji haina umeme wa kadiri ile. Umeme hutafuta njia ya kutoka palipozidi kwenda palipopungua, kama maji yatafutavyo mteremko. Ikiwa pana waya wa shaba kati ya nyumba hizo, umeme umeonyeshwa barabara. Utapita humo, utaingia katika kompyuta za nyumba ya pili na kuziunguza, na mtu aliyeshika chombo wakati ule yumo hatarini. Hivyo waya uliotandikwa ili kuleta habari huleta moto.

Viko vifaa vya kuupeleka umeme huo ardhini kabla haujaingia ndani, navyo husaidia. Lakini ni heri kuwa na njia isiyoweza kupitisha umeme kabisa. Njia hiyo ni kioo.

3. Nuru ifuatayo mkondo

Kila mtoto ajua kwamba nuru huenda moja kwa moja. Basi yawezekanaje nuru ifuate uzi, upindao huku na huku chini ya ardhi?

Mwaka 1842 Daniel Colladon wa Geneva aliandika habari za nuru iliyofuata mkondo wa maji. Mwaka 1854 John Tyndall naye alionyesha jambo hilo London. Wanafunzi waweza kulijaribu usiku, wakiwa na chupa ya plastiki iliyo angavu, msumari na tochi. Chupa hutobolewa ubavuni karibu na kitako, hujazwa maji, na tochi huwekwa upande unaoelekea tundu. Maji yatokapo hujipinda kwenda chini. Mtu akikinga mkono karibu na tundu, ataona nuru kiganjani. Nuru imepinda pamoja na maji!

Sababu ni hii. Nuru iliyo ndani ya maji ikifika ukingoni kwa kulalia, haiwezi kutoka nje. Hurudishwa ndani kana kwamba imekutana na kioo cha kujitazamia. Inapiga upande huu, inarudishwa. Inapiga upande wa pili, inarudishwa tena. Na hivyo huendelea mbele, imefungwa ndani ya mkondo.

Uzi wa kioo, ambao mafundi huuita faiba, umefanywa kwa kanuni hiyo. Katikati pana kiini cha kioo, na kukizunguka pana kioo cha namna nyingine kidogo, kinachoirudisha nuru ndani. Kioo chote, kiini na ganda lake, ni chembamba hata nyuzi 8 zikipangwa ubavu kwa ubavu zinafanya milimeta 1 tu. Na kiini cha uzi wa safari ndefu ni chembamba zaidi: zaidi ya viini 100 vingeenea katika milimeta ile moja. Juu ya kioo hupakwa plastiki, kisha nyuzi kadhaa hutiwa pamoja katika ala ngumu iliyo na nyuzi nyingine za nguvu, ili kioo kisivutwe kikakatika.

4. Kioo kisafi

Lakini kioo cha kawaida hakifai. Mtu akitazama kioo cha dirisha kwa ubavu wake, haoni weupe bali kijani. Maana mna taka za chuma ndani yake zilazo nuru. Katika vioo vya miaka ya 1960, mwendo wa meta 20 ulitosha kuipunguza nuru hata ikabaki sehemu 1 katika 100. Kwa hiyo wengi walisema kwamba kioo hakitachukua habari kamwe.

Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyefanya kazi huko Harlow, Uingereza, aliandika pamoja na mwenzake George Hockham kwamba kosa si la kioo, ila la taka zilizomo. Kioo kikisafishwa, walisema, hata sehemu 1 katika 100 ikibaki baada ya kilometa nzima, kitafaa kwa kazi ya simu. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wa kampuni ya Corning huko Marekani, walifaulu kufanya kioo cha namna hiyo. Tangu hapo kioo kimezidi kusafishwa. Katika uzi bora wa siku hizi nuru husafiri kilometa 15 hivi ndipo ipungue kuwa nusu. Mwaka 2009 Kao alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake.

Hapa yapasa kuondoa kosa moja. Wengi hudhani kwamba uzi wa kioo ni wa upesi kwa sababu nuru hukimbia kuliko umeme. Katika kioo nuru huenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, na alama za umeme katika shaba huenda kwa mwendo wa karibu na huo. Tofauti haiko katika mbio. Iko katika kufika salama. Katika shaba, alama zikifuatana upesi mno na kwenda mbali, huchakaa na kuingiana, hata mpokeaji asiweze kuzitenga. Katika kioo alama nyingi zaidi huweza kufuatana, nazo zikafika mbali kila moja ikiwa peke yake. Kwa uzi huo meta 400 za kilima kile si kitu.

5. Kazi ya kuutandika

Mafundi wenye busara hawaanzi kwa jembe. Huanza kwa kupima njia, na kuuliza mabomba ya maji na nyaya za umeme zimepita wapi, ili wasizikate. Katika hesabu ya fedha mara nyingi gharama kubwa si uzi wenyewe, ila mtaro. Kwa hiyo yafaa mtaro uchimbwe mara moja, uchimbwe vema.

Mtaro huchimbwa kiangazi, wenye kina kuliko jembe la mkulima lifikapo, na penye njia ya magari huzidishwa. Mawe makali hutolewa, na mchanga humwagwa chini. Juu ya mchanga hulazwa bomba la plastiki, na ndani ya bomba hupitishwa kamba ya kuvutia. Kisha udongo hurudishwa nusu, na hulazwa utepe wa rangi kali, ili mtu atakayechimba miaka ijayo auone kabla hajafika kwenye bomba. Ndipo mtaro hujazwa na kushindiliwa.

Kuvuta uzi ni kazi ya upole. Kamba hufungwa kwenye nyuzi za nguvu, wala si kwenye kioo. Mmoja huvuta, mwingine hulisha, nao hupeana sauti. Uzi haukunjwi kama ukambaa: wakati wa kuvuta, nusu kipenyo cha mpindo kisipungue mara 20 ya unene wa ala yake. Ukikunjwa sana, nuru hutoroka penye kona, au kioo huvunjika ndani na nje kusionekane kitu. Kila mwisho huachwa meta kadhaa zimeviringwa, kwa ajili ya matengenezo ya baadaye.

Panya na fuko hupenda kutafuna ala ya plastiki, na kwa sababu hiyo ziko ala zenye ngozi ya chuma. Hapa fundi mjinga hunaswa. Amechagua kioo ili aikimbie radi, kisha anaivika chuma inayoiita radi tena! Penye ngozi ya chuma hapana budi chuma hiyo ifungwe ardhini kwa kanuni. Au ichaguliwe ala isiyo na chuma hata kidogo, na ulinzi uachiwe bomba.

Baada ya hayo huja kazi ya mikono miepesi. Fundi huondoa plastiki, husafisha kioo kwa spiriti, hukikata kwa kisu chake maalumu kikatike sawasawa, kisha huunga ncha mbili kwa cheche ya umeme iyeyushayo kioo. Kamba hukatikia pabovu, nayo nuru hupotelea penye kiungo kibaya. Chembe moja ya vumbi yaweza kuwa kubwa kuliko kiini chote. Kwa hiyo fundi hafanyi kazi hiyo penye upepo, wala hagusi ncha kwa kidole. Vipande vya kioo vilivyokatwa hukusanywa katika chupa yenye kifuniko, maana vikiingia mwilini ni vigumu kuonekana. Wala mtu asichungulie ncha ya uzi unaofanya kazi: nuru itumikayo humo haionekani kwa macho, lakini yaweza kuyadhuru.

Katika kila nyumba huwekwa kifaa kidogo kigeuzacho umeme kuwa nuru, na nuru kuwa umeme. Mara nyingi hutumika nyuzi mbili: katika mmoja alama zinakwenda, katika mwingine zinarudi. Mwisho fundi hupima nuru iingiayo na nuru itokayo, huandika hesabu yake, na kuiweka pamoja na ramani ya mtaro. Mwaka ujao njia ikidhoofika, hesabu ile itaonyesha imepungua kwa kadiri gani.

6. Akiba

Kazi yahitaji nyuzi mbili; fundi mwenye akili hulaza 12 katika ala moja. Watu humcheka, wakisema amepoteza fedha. Lakini bei ya nyuzi 10 za zaidi ni ndogo kuliko bei ya kuchimba mtaro mara ya pili. Uzi mmoja ukiharibika, mwingine huchukua kazi yake. Duka la dawa likijengwa kando ya njia, uzi wake upo tayari. Akiba haiozi.

Lakini nyuzi 12 zilizo katika mtaro mmoja hukatwa zote kwa pigo moja la sururu. Jambo hili mataifa yamelijua kwa gharama. Uzi wa mtaroni ni ndugu wa nyuzi kubwa za kioo zilazwazo chini ya bahari. Kabla ya hizo kufika, nchi za pwani yetu zilipata intaneti hasa kwa satelaiti, kwa bei kubwa. Mwezi wa Julai mwaka 2009 uzi uitwao SEACOM ulianza kazi, ukiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na nchi za mbali, na mwaka uliofuata ukaja mwingine uitwao EASSy. Watu wakadhani wamepata akiba ya kutosha. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyuzi hizo mbili zilikatika pamoja upande wa Afrika ya Kusini, na Tanzania na jirani zake wakapata shida kubwa ya intaneti. Njia mbili zipitazo mahali pamoja ni kama njia moja.

Kwa sababu hiyo hospitali ya kilimani, ikipata fedha, itachimba mtaro wa pili uzungukao upande mwingine wa kilima. Kwa miezi mingi mtaro ule utaonekana hauna kazi. Ndipo usiku mmoja mvua itabomoa udongo na kuukata uzi wa kwanza. Nayo picha ya mguu wa mtoto itazunguka kwa njia ya pili na kumfikia daktari, wala daktari hatajua kwamba pametokea jambo. Wale waliochimba kiangazi, wakapima, wakasafisha ncha kwa spiriti na kuandika hesabu, hawatakuwapo chumbani kushukuriwa. Mtoto atalala na mguu wake umefungwa.

Maswali

1. Kwa nini waya wa shaba wa mtandao hauzidishwi meta 100?
2. Eleza jinsi radi iwezavyo kuharibu kompyuta za nyumba ambayo haikupigwa.
3. Nuru hufuataje mkondo wa maji uliopinda? Fanyeni jaribio la chupa, mwandike mliyoyaona.
4. “Uzi wa kioo ni wa upesi kwa sababu nuru hukimbia kuliko umeme.” Onyesha kosa la maneno haya.
5. Kwa nini ngozi ya chuma yaweza kuwa hatari katika ala ya uzi wa kioo?
6. Kuna tofauti gani kati ya nyuzi 12 katika mtaro mmoja na nyuzi katika mitaro miwili?